Shangazi, mbona wanacheza karata mbele ya maiti?

Barua za mwezi huu zinanukia ubani. Toleo lililopita niliandika, kwa sentensi moja tu na nikipita, kwamba huku Mayo, magharibi mwa Ayalandi, ninakoishi tangu 2003, marehemu hulazwa sebuleni kwake jeneza likiwa wazi, na watu wakakesha naye wakinywa chai na kucheza karata. Sentensi moja! Mhariri ananiambia hajapokea barua nyingi hivi tangu nilipomshauri yule bwana wa Dodoma auze pikipiki. Nimechagua tano, na moja nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine kwa sababu aliyeiandika amekaa na donge moyoni.

*

Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa Morogoro, nina miezi minne hapa Ayalandi, nahudumia wazee majumbani. Bibi mmoja niliyekuwa nikimwosha na kumlisha alifariki. Mwanawe alinipigia simu akasema nipite jioni, kwani "mama yuko nyumbani". Nilifika mpaka getini. Magari yamejaa njia nzima, wanaume wako nje wanavuta sigara, na ndani nasikia vicheko kama vya sendofu. Nikageuza. Sasa naona aibu hata kupita njia ile. Nilikosea? Na kama ningeingia, ningefanya nini?
Niliyegeuzia Getini, Galway

Marahaba, mwanangu. Ulikosea, ila kosa lako lina mlango wa kurudia, nami nitakuonyesha. Kwanza ujue ulichokikimbia.

Mkesha wangu wa kwanza ulikuwa wa jirani, mzee wa miaka 91, mfuga kondoo, ambaye kwa miaka miwili tulikuwa tukipungiana mikono tu, yeye juu ya trekta na mimi juu ya baiskeli. Alifariki Jumatano alfajiri. Kabla ya saa sita mchana redio ya eneo ilikwisha kumtaja kwenye matangazo ya vifo, ambayo watu wa huku huyasikiliza kwa utulivu kuliko taarifa ya habari. Siku hizi matangazo hayo yako pia kwenye tovuti ya RIP.ie, na nawajua wanaoifungua kabla hawajapiga mswaki. Alhamisi jioni nikaenda. Nami nilisimama nje, najifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Akatoka mwanamke na sinia la vikombe, akanitazama, akasema, "Ingia, anakusubiri." Anakusubiri! Nusura nitimue mbio kama wewe.

Ndani kuna foleni. Ifuate, itakupeleka yenyewe. Wafiwa wameketi ubavuni mwa ukuta, unampa kila mmoja mkono na kusema neno lilelile alilosema aliyekutangulia. Wenye Kiayalandi chao husema "Ní maith liom do thrioblóid", yaani, taabu yako hainipendezi. Usihangaike kutafuta lingine. Hakuna anayekutarajia uhutubie.

Kisha unafika kwake. Yule mzee alivikwa suti yake ya kanisani, zamani wengi wao walivikwa joho la kahawia kama la mtawa, na rozari imezungushwa vidoleni. Mishumaa pembeni. Watu wengi humgusa mkono au paji la uso, hata watoto wadogo hunyanyuliwa wamguse babu. Asiyetaka anainamisha kichwa, anasali kimya, anapita, wala hatazamwi vibaya. Mimi niligusa. Baridi yake ni ya mtungi alfajiri.

Hapo nikafanya kituko changu cha kwanza. Niliona saa ya ukutani imesimama kwenye saa kumi na dakika ishirini, nikamnong'oneza kijana aliyekuwa karibu kwamba betri imekwisha. Akanijibu kwa upole kuwa betri ni nzima. Saa husimamishwa dakika mtu anapokata roho. Kioo kikafunikwa shuka. Dirisha likafunguliwa roho ipate njia, na mtu asisimame katikati ya kitanda na dirisha, kisha baadaye likafungwa isije ikarudi. Si nyumba zote zinazofanya hivyo sasa, lakini ile ilifanya.

Na jambo moja halikulegezwa hata kidogo: hakuachwa peke yake. Saa nane za usiku, saa kumi, kulikuwa na mtu kitini kando yake. Wakipokezana. Mkesha kwa Kiayalandi huitwa pia "faire", na neno hilo maana yake ni kulinda, kama askari wa zamu. Sasa mwanangu, wewe umewahi kulala matanga. Unajua mlinzi wa usiku anapambana na nini. Anapambana na usingizi. Mababu zao walikaa usiku wa kwanza na wa pili, nyumba imejaa, baridi nje, wamefanya kazi ya shamba mchana kutwa. Kitu gani kitawaweka macho mpaka mapambazuko kama si hadithi, vitendawili, karata na mchezo?

Karata zenyewe nilizikuta jikoni. Mchezo wao unaitwa Ishirini na Tano, na ukijua turufu katika arubasitini hutapotea sana, isipokuwa tano ya turufu ndiyo inayokula karata zote, inafuata ghulamu wa turufu, halafu ree ya kopa, hata kama kopa si turufu. Zamani katika nyumba nyingine marehemu naye aligawiwa karata zake. Wachezaji wa usiku ule hawakufanya hivyo, lakini mmoja alipocheza ovyo, mwenzake alielekeza kidole sebuleni akasema, "Yule kule angeicheza vizuri kuliko wewe." Mjane alikuwa anapita na birika. Alicheka mpaka akaliweka chini. Kisha akalia palepale, na wale wachezaji wakamwachia nafasi akae kati yao.

Yapata saa saba mzee mmoja wa miaka 84, rafiki wa marehemu tangu shule, alichoka kuwaona wajukuu wameinamia simu. Akavua kiatu chake cha nyumbani akawaketisha sakafuni duara, magoti juu, mmoja katikati. Kiatu kinapitishwa chini ya magoti, mkono kwa mkono, bila kuonekana. Wa katikati anakitafuta, na akigeuka huku anapigwa nacho mgongoni kutoka kule, akigeuka kule kimekwisha kuzunguka. Akikikamata, aliyekamatwa nacho ndiye anaingia kati. Mzee alisema ujana wake kiatu kilikuwa cha ngozi chenye misumari, na waliokuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba walijua kukitumia. Watoto walicheza nusu saa. Msichana mkubwa wa marehemu, mama wa miaka sitini, aliingia kati mara mbili.

Michezo mingine alinisimulia tu. Wanaume wawili wanakaa chini nyayo kwa nyayo, wameshika fimbo moja, wanavutana mpaka mmoja anyanyuke. Mmoja anainama amefumba macho, kiganja mgongoni, anapigwa na kutakiwa amtaje aliyempiga. Ukitaja siye, unainama tena. Msimamizi wa michezo aliitwa "cleasaí", mtu wa vituko, na aliheshimika kama MC wetu anavyoheshimika, yaani kwa usiku mmoja.

Basi, siku nyingine ufanye hivi. Soma tangazo lote. Likisema nyumba ni ya familia tu, usiende, subiri kanisani. Kama halikusema, nenda. Nguo nadhifu, za rangi iliyopoa, si lazima nyeusi. Beba keki au sandwichi, ingawa utakuta meza haina pa kuziweka. Wakatoliki hupeleka pia kadi ya misa iliyotiwa saini na padri. Chukua parokiani, usinunue ya ovyoovyo, maana nchi hii ina sheria ya mwaka 2009 inayofanya kuwa kosa kuuza kadi ya misa isiyo na idhini ya Kanisa. Naipenda sana sheria hiyo. Ukipewa chai, pokea. Dakika ishirini zinatosha.

Na mlango wa kurudia ni huu. Takriban mwezi baada ya kifo kuna misa ya kumkumbuka, kama sisi tulivyo na arobaini. Itatangazwa. Kaa karibu na nyuma, na ikiisha mfuate yule mwanawe, mpe mkono, mwambie ulifika mpaka getini. Mwambie vilevile ulivyoniambia mimi. Atacheka, halafu atakuuliza mama yake alikuwa anakulaje uji, kwa sababu wewe ndiye unayejua.

*

Shangazi, hujambo. Nimesoma kwenye simu kwamba Waayalandi walikuwa wakinywea pombe vikombe vyenye madini ya risasi, wakazimia kama wafu, ndiyo maana wakawa wanawasubiri waamke kabla ya kuzika. Ni kweli?
Mwanafunzi, Iringa

Sijambo, baba. Si kweli. Hadithi hii inazunguka mitandaoni miaka nenda rudi, na inapendwa kwa sababu neno la Kiingereza la mkesha linafanana na neno la kuamka. Mzizi wake ni kukaa macho. Anayekaa macho ni aliye hai, si aliyelala jenezani. Isitoshe, maiti alikwisha kuoshwa na wanawake wa jirani waliozoea kazi hiyo maisha yao yote, wakamvika, wakamfunga kidevu. Hao hawakuwa watu wa kumwosha mlevi wakadhani ni maiti.

*

Salaam aleikum Shangazi. Mimi ni mtu mzima wa Mji wa Kale, Mombasa. Kwetu maiti huharakishwa, akifa asubuhi alasiri yuko kaburini. Hao wanamweka siku mbili na kumfanyia mchezo. Je, hata dini yao inawaruhusu? Mimi naona ni dharau, na wewe unaisifia.
Mzee wa Mombasa

Wa aleikumu salaam, mzee wangu. Ungekuwa askofu wa Ayalandi wa karne ya 17 usingeandika tofauti. Tangu wakati huo mpaka karne ya 20 mabaraza ya Kanisa yalitoa katazo juu ya katazo dhidi ya michezo ya mikeshani, pombe yake, na hata waombolezaji wa kukodiwa. Ukiona jambo linakatazwa kwa miaka mia tatu, ujue halikuachwa.

Nao walikuwa na sababu. Kulikuwa na michezo ya ndoa ya kuigiza, kijana akijifanya padri na kuwafungisha ndoa mabinti na wanaume wasiowataka, au wanaowataka mno. Kulikuwa na mchezo wa kuunda meli, watu wakawa ndio mbao na mlingoti, wakapigwapigwa na "fundi", na maneno yake mengine siwezi kuyaandika katika gazeti linaloingia nyumbani kwako. Vijana wa kijiji walikutana wapi usiku, wote, bila kuulizwa? Mkeshani. Ndoa za kweli zimeanzia pale. Kulikuwa na wizi wa viazi vya kurushiana, masizi ya kumpaka usoni aliyesinzia, makoti yaliyoshonwa pamoja ili wenyewe wakisimama wakokotane. Na kisa cha maiti aliyekuwa na kibyongo, akafungwa kamba alale sawa, mhuni akaikata katikati ya rozari. Kila kijiji kinadai kilitokea kwao, kwa hiyo mimi sikiamini popote.

Lakini mzee wangu, kuna mpaka ambao hata wahuni hao hawakuuvuka. Michezo ilikuwa ya mtu mzima aliyekula chumvi nyingi, aliyekufa kwa wakati wake. Akifa mtoto, akifa mama mwenye watoto wadogo, akizama mvuvi, hakuna aliyegusa karata. Nyumba ilikaa kimya na rozari yake. Nimeingia mkesha wa namna hiyo mara moja tu, wa kijana wa miaka 19. Hata chai ilimiminwa bila mlio. Hapo ndipo utajua kwamba kile kicheko cha kwa mzee wa miaka 91 si ukosefu wa adabu, kina kipimo chake.

Haya siyatungi. Tume ya Ngano ya Ayalandi iliundwa mwaka 1935 kukusanya mambo ya wazee kabla hayajazikwa nao, na kati ya 1937 na 1939 ilitumia hata wanafunzi wa shule za msingi, watoto kama 50,000, wakawahoji babu na bibi zao na kuandika kwenye madaftari. Mhifadhi wa nyaraka wa tume hiyo, Seán Ó Súilleabháin, alitoa mwaka 1961 kitabu kizima juu ya michezo ya mikeshani pekee. Ni mingi mno. Usiku mmoja haukuitosha.

Nikuambie pia nyakati waliposhindwa kukesha. Wakati wa Njaa Kuu, kati ya 1845 na 1852, viazi vilipooza shambani na watu kama milioni moja wakafa, majeneza hayakutosha. Sehemu nyingine walitumia jeneza lenye bawaba chini: linashushwa, linafunguka, maiti anabaki shimoni, jeneza linarudi kuchukua mwingine. Ukimweleza mtu wa huku habari ya Njaa, kinachomuuma baada ya vifo vyenyewe ni hicho, kwamba walikwenda bila kukeshewa. Na mwaka 2020, korona ilipofanya mazishi yawe ya watu 10 tu, majirani zangu walitoka wakasimama kandokando ya barabara, mmoja hapa, mwingine kule, mvua inanyesha, gari la maiti likapita taratibu katikati yao. Nilisimama kwenye geti langu. Dereva aliniinamishia kichwa. Nikaingia ndani nikiwa sijashika mkono wa mtu.

Hukumu ni yako, mzee wangu. Kuharakisha maiti ni kumheshimu, nami nimezika hivyo watu wa kwetu Tabora. Sisifii. Naeleza nilichokiona.

*

Shangazi Mnyamwezi, mimi mtani wako Mzaramo. Huo mkesha si utani wetu huohuo, Wazungu wameuiba? Na kama wote wanacheka, wa kulia ni nani?
Mtani, Kisarawe

Wewe nyamaza, deni lenu halijalipwa. Babu yangu alipofariki, Mzaramo mmoja, shemeji ya jirani, alishuka kaburini kabla ya jeneza akalala chali, akasema hapa pazuri, Mnyamwezi atafute pengine. Hakutoka mpaka alipolipwa. Bibi yangu, aliyekuwa hajala siku mbili, alicheka. Akaomba maji. Kwa hiyo ndiyo, naona undugu wa mambo haya mawili, ila wao hawana kabila lililopewa kazi hiyo. Kwao jirani yeyote anaweza kuwa mtani, na hadai ujira. Ujira wake ni tumbaku.

Na hapa acha nikuhadithie tumbaku, maana ndiyo niliyoipenda kuliko yote. Mezani, wakati mwingine karibu na maiti, wakati mwingine juu ya kifua chake, paliwekwa sahani ya tumbaku au ugoro, na rundo la viko vipya vyeupe vya udongo. Kila aliyeingia alichukua kiko, na kabla ya kukivuta alisema "Mungu amrehemu". Basi viko vyenyewe vikaitwa kwa dua hiyo. Hata asiyevuta alivuta mara moja, maana kukataa ni kumnyima marehemu dua. Vingi vilitoka Knockcroghery, kijiji cha Roscommon ambacho kazi yake ilikuwa kufinyanga viko, mpaka Juni 1921, wakati wa vita vya uhuru, askari wa Uingereza walipokichoma moto na ufinyanzi ukafa nacho. Wahuni walichanganya pilipili manga kwenye tumbaku. Ungekuwepo, ungekuwa wewe.

Wa kulia walikuwapo. "Bean chaointe", mwanamke wa kuomboleza, alikaa kichwani pa maiti akimtungia maneno papo hapo: ukoo wake, ukarimu wake, farasi wake, na maadui zake bila kuwaficha. Wengine walilipwa. Hakuruhusiwa kuanza kabla maiti hajaoshwa na kulazwa, kwani sauti yake ingeamsha mbwa wa shetani wanaoivizia roho njiani. Ombolezo linalojulikana kuliko yote ni la Eibhlín Dubh Ní Chonaill kwa mumewe Art Ó Laoghaire, aliyepigwa risasi kule Cork mwaka 1773. Ndani yake kuna ugomvi wa wifi na wifi. Dada wa Art anamsuta mjane kwamba usiku wa mkesha alikwenda kulala. Eibhlín anajibu kwa kumwambia Art mwenyewe: usiwaamini, sikwenda kulala, nilikwenda kuwabembeleza watoto wako, waliokuwa wakihangaika. Damu imemwagika, muuaji yuko nje, na wanachogombania ni nani alimwacha usiku. Mtani, mawifi ni walewale dunia nzima.

*

Kwako Shangazi. Nilisomeshwa Kitui na mapadri wa Kiayalandi wa shirika la Kiltegan. Mmoja wao, sasa marehemu, alituambia kijiji chake kilimfanyia "mkesha" kabla hajapanda meli kuja Kenya. Tulicheka chini ya madawati, tukadhani Kiswahili chake kimemponyoka, kwani mtu hakeshewi akiwa hai. Je, tulimwonea?
Mwalimu Mstaafu, Kitui

Mwalimu, mlimwonea. Kiswahili chake kilikuwa sawasawa kabisa.

Baada ya ile Njaa, vijana walianza kuondoka kwa malaki kwenda Marekani, na kwa wazazi wengi tiketi ya meli ilikuwa sawa na kifo: hawatamwona tena, na walijua hivyo. Basi wakamfanyia lile lile wanalolijua. Usiku wa mwisho nyumba ilijaa majirani, chai, pombe kama ipo, mpiga fidla, dansi mpaka alfajiri, na bibi mmoja akiomboleza kama mbele ya jeneza, wakati kijana mwenyewe amekaa pale na viatu vipya. Uliitwa mkesha wa Marekani. Wazee wa huku wanaukumbuka kwa kusimuliwa na mama zao. Asubuhi walimsindikiza, lakini hadi mahali maalumu tu. Kule Donegal kuna daraja dogo la mawe mlimani, "Droichead na nDeor", Daraja la Machozi. Familia ilifika hapo ikageuka. Anayeondoka aliendelea kwa miguu mpaka bandari ya Derry. Nimelivuka na basi la parokia. Ni fupi, hatua kumi na tano hivi, na maji chini yake hayafiki gotini.

Mapadri wenu walikuwa na tumaini la likizo, lakini mama wa mtu anayepelekwa Kitui kwa meli miaka hiyo hakuwa na uhakika wa kitu. Alitumia neno aliloachiwa na bibi yake.

Mimi nilipoondoka Tabora, watu walijaa kwetu usiku kucha. Hatukuuita mkesha. Mjomba alicheza ngoma mpaka kanzu ikachanika, watoto wakalala juu ya mabegi yangu, shangazi mmoja akanifungia karanga za kukaanga zinazotosha treni nzima. Asubuhi walinisindikiza stesheni, kumi na wanane kwa hesabu yangu. Mama hakuja. Alibaki uani akiosha masufuria ya usiku, na dada yangu ananiambia aliyaosha mara mbili.